Brooklyn Nets, msiuze shamba mara ya tatu

Wewe unayeamka saa tisa na nusu usiku kutazama Brooklyn Nets wakichapwa, najua wazo linalokuwasha: si watoe hawa vijana pamoja na nafasi zao zote za drafti, waletewe staa mmoja, waanze kushinda? Nakuelewa. Lakini tulia kwanza tupige hesabu.

Mwaka 2024, Nets walimpeleka Mikal Bridges kwa majirani wao New York Knicks na kupewa nafasi tano za raundi ya kwanza ya drafti. Mwaka 2025 wakasajili chipukizi watano katika raundi hiyo, jambo ambalo hakuna timu nyingine iliwahi kufanya. Hilo ndilo shamba lao. Kumbuka drafti ya NBA huinua walio chini: ukivuta mkia, unaongeza uwezekano wa kuchagua mapema. Ukishauza nafasi hiyo, unapigwa bure.

Na Nets wamewahi kupigwa bure. Mwaka 2013 walimchukua Kevin Garnett, miaka 37, na Paul Pierce, 35, kutoka Boston Celtics. Malipo yakawa nafasi za 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya Boston kubadilishana nafasi 2017. Pierce alicheza msimu mmoja akaondoka. Msimu wa 2016-17 Nets walishinda mechi 20 kati ya 82, wakawa wa mwisho kwenye ligi. Nani alifaidi? Boston. Jaylen Brown na Jayson Tatum walipatikana kupitia nafasi hizo, na mwaka 2024 wakabeba ubingwa.

Ungedhani somo limeeleweka. Wapi! Januari 2021 wakamfuata James Harden, wakaachilia nafasi tatu za raundi ya kwanza na haki za kubadilishana nne, pamoja na Jarrett Allen, kijana waliyemlea wenyewe. Harden, Kevin Durant na Kyrie Irving walicheza pamoja mechi 16 pekee. Mwaka mmoja baadaye Harden alikuwa ameshahama. Allen naye akawa All-Star akiwa Cleveland.

Najua utaniambia, "Lakini Toronto walimleta Kawhi Leonard 2018 na wakachukua kombe 2019!" Kweli kabisa. Ila Toronto walikuwa wametoka kushinda mechi 59. Nyumba ilikuwa imesimama, ikabaki mabati tu. Houston pia: walikaa chini miaka mitatu, wakamlea Alperen Sengun na Amen Thompson, wakafika ushindi wa mechi 52 msimu wa 2024-25, ndipo wakamchukua Durant. Na hawakuwatoa Sengun wala Thompson. Staa ni wa kumalizia ujenzi. Msingi hauwekwi naye.

Nets hawajui bado nani kati ya vijana wao ni nguzo na nani ni wa kujaza benchi. Ukiuza sasa, unauza usichokijua bei. Ukileta staa, utashinda mechi za kutosha kukunyima chaguo zuri, na zisizotosha kukupeleka mbali.

Hii presha wewe na mimi tunaijua. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na kila wiki kuna mtu anataka kujua nimefika wapi. Ndiyo maana msee anauza ploti ya familia anunue gari, aonekane amefika. Miezi sita baadaye gari liko gereji, ploti ina nyumba ya mtu mwingine.

Kwa hivyo, shabiki wa Nets, ukiona timu imepoteza tena usiku wa manane, usiitishe staa. Itisha dakika zaidi kwa wale chipukizi. Wakishaonyesha nani anaweza kubeba timu, hapo tuanze kuongea bei. Kabla ya hapo, mwenye pupa hadiriki kula tamu.