Kusomea Maigizo si Mchezo

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua baadhi ya wazazi. Kijana amemaliza kidato cha sita. Amefaulu. Mzazi anangoja kusikia neno ualimu, udaktari au kilimo. Lakini kijana anasema, "Baba na mama, nataka kwenda Chuo Kikuu kusomea sanaa za maonyesho." Maana yake ni kusomea maigizo.

Wazazi wanatazamana. Wanauliza, "Tuuze mahindi ili mtoto akajifunze kuchekesha watu?"

Swali hilo si la kijinga. Fedha ya mkulima hupatikana kwa jasho. Kwa hiyo linastahili jibu zuri.

MTOTO WA BEREGA

Tuanze hapa kwetu Kilosa. Mwaka 1948 alizaliwa huko Berega mtoto wa kike, Penina Muhando. Alisoma mpaka akafika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Masomo ya sanaa za maonyesho yalianzishwa huko mwaka 1967. Penina Muhando aliyasoma, kisha akayafundisha, na mwisho akawa profesa. Watu wengi wanamjua pia kwa jina la Penina Mlama.

Aliandika michezo mingi ya kuigiza kwa Kiswahili. Baadhi yake ni Hatia (1972), Heshima Yangu (1974), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984). Katika baadhi ya michezo hiyo yumo msimulizi wa hadithi, kama msimulizi wa jioni kijijini. Je, umeona? Hadithi za bibi zimeingia Chuo Kikuu, nazo zimepata heshima yake.

WANAJIFUNZA NINI?

Watu wengine hudhani mwanafunzi wa maigizo anajifunza kucheka na kulia tu. Sivyo. Anajifunza kutumia sauti ili asikike mpaka nyuma bila kupiga kelele. Anajifunza kutumia mwili wake. Anajifunza kuandika mchezo, kuwaongoza waigizaji, kutengeneza jukwaa, na kuchagua mavazi.

Anasoma pia historia. Wagiriki wa kale waliigiza mbele ya umati zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Uingereza alikuwako Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616. Mwalimu Nyerere alitafsiri michezo yake miwili kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile, kitabu kilichotolewa mwaka 1969. Mchezo huo unahusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Vita hivyo vilifika hata huku Kilosa.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni hili. Mwigizaji hujifunza kukaa mahali pa mtu mwingine. Ukiigiza mjane, lazima ujiulize mjane anaogopa nini. Ukiigiza mwenyekiti wa kijiji, lazima ujiulize kwa nini anakasirika akiulizwa hesabu. Mtu hawezi kuigiza vizuri mtu asiyemwelewa.

KAZI YAKE KIJIJINI

Walimu wa Chuo Kikuu hawakukaa Dar es Salaam tu. Mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama na wenzake, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Waliwauliza kwanza wanakijiji, "Matatizo yenu ni yapi?"

Wanakijiji waliyataja. Moja lilikuwa wasichana wa shule kupata mimba. Basi wakatumia maigizo na ngoma kulionyesha jambo hilo mbele ya watu. Baada ya maonyesho watu walijadiliana. Mambo yaliyokuwa yakisemwa kwa kunong'ona yakasemwa mkutanoni. Baadaye kazi kama hiyo ilifanywa pia Msoga, wilayani Bagamoyo, na Mkambalani, katika mkoa wetu wa Morogoro.

Mwaka 1996 ulianza mpango mwingine, jina lake Tuseme. Huo ulikuwa wa shule za sekondari. Wasichana walitafuta wenyewe mambo yanayowazuia kusoma. Kisha waliyatungia michezo na kuigiza mbele ya walimu na watu wengine. Kutoka Tanzania mpango huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika.

Hiyo ndiyo faida ya elimu hii. Inawafanya watu waseme.

KWA NINI SISI TUNAIHITAJI?

Ndugu msomaji, Kilosa tunajua hasara ya kutosemezana. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Maigizo hayafufui mtu. Wala hayagawi ardhi. Kupima mipaka na kuifuata sheria ni kazi ya serikali na ya vijiji.

Lakini fikiri kidogo. Mkulima aigize mfugaji ambaye ng'ombe wake wana kiu na mto uko mbali. Mfugaji aigize mkulima anayeamka asubuhi na kukuta mahindi yake yameliwa yote. Kila mmoja atatafuta maneno ya mwenzake. Watu watacheka, kisha watanyamaza, kisha wataanza kuzungumza. Mazungumzo hayo yakifanyika mapema, ni bora kuliko matanga.

Jirani zetu wa Mikumi nao wana lao. Wanakaa kando ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Tembo hawajui mpaka. Nani alinde shamba usiku? Mtoto akikesha shambani, asubuhi atasoma nini? Mambo hayo pia yanafaa kuigizwa mbele ya kijiji kizima na viongozi wake.

MZAZI, ULIZA KWANZA

Tusidanganyane. Kazi za maigizo si nyingi mijini, na wengi wanazitafuta. Waliosomea fani hii wengine ni walimu, wengine hufanya kazi redioni, katika televisheni au katika filamu. Wengine hufanya kazi na mashirika yanayoelimisha watu juu ya afya na haki. Wapo pia waliokaa muda mrefu bila kazi. Kwa hiyo kijana asiende kwa sababu ya kutamani sifa tu.

Kabla ya kuuza shamba au ng'ombe, fanyeni haya:

1. Ulizeni chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sanaa hii. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho hufundisha. Ulizeni ada na alama za kuingilia za mwaka huo.

2. Kama mtoto ameishia kidato cha nne, asikate tamaa. Iko Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Hutoa mafunzo ya cheti na diploma.

3. Ulizeni juu ya mkopo. Iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Lakini kumbukeni, mkopo ni deni. Mwanafunzi atalilipa.

4. Mwulizeni mtoto, "Ukimaliza utafanya nini?" Asipoweza kujibu, mpeni muda afikiri. Akijibu vizuri, msikilizeni.

Na wewe kijana, neno moja. Usiende Chuo Kikuu ukidhani unaacha ushamba nyuma yako. Kabla hujaondoka, kaa na wazee wa Kikaguru, wa Kisagara na wa Kividunda. Sikiliza hadithi zao. Tazama ngoma zao. Andika unayoyasikia. Hiyo ni akiba yako, na duka la vitabu halina akiba kama hiyo. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa.

JADILIANENI

Someni habari hii kwa pamoja, kisha mjibu maswali haya:

1. Je, kijijini kwenu kuna jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona tu? Ni jambo gani?

2. Mkiliigiza, nani aigize nani? Jaribuni kubadilishana. Mume aigize mke. Kijana aigize mzee. Mkulima aigize mfugaji.

3. Nani anapaswa kuwapo siku ya maonyesho ili jambo lipate jibu?

Tengenezeni mchezo wa nusu saa. Hamhitaji jukwaa wala taa. Kivuli cha mwembe kinatosha. Mkimaliza msitawanyike. Kaeni mzungumze, na mtu mmoja anayejua kuandika aandike mliyokubaliana.