Kutoona Mbali kwa Watoto: Miwani Ihesabiwe Miongoni mwa Vifaa vya Kujifunzia

Na Mwandishi Wetu

Mwanafunzi anayenakili zoezi kutoka kwenye daftari la jirani yake badala ya ubaoni huonekana mvivu au mdanganyifu. Mwalimu humkemea, mzazi hupokea taarifa ya kushuka kwa alama, na mtoto mwenyewe hajui kuwa kuna jambo la kulalamikia. Asiyewahi kuona ubao vizuri hudhani kwamba kila mtu anauona kama yeye. Ndiyo maana tatizo la kutoona mbali huweza kukaa darasani kwa miaka bila kutajwa na yeyote.

Hali hiyo hutokea pale jicho linaporefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, hata mwanga unaoingia ukakusanyika kabla ya kuifikia retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho unaopokea taswira. Vitu vya karibu huonekana sawasawa, lakini vya mbali huwa kama vimefunikwa na ukungu. Mara nyingi tatizo huanza katika umri wa shule ya msingi na kuongezeka kadiri mtoto anavyokua, kwa kuwa jicho likisharefuka halirudi kuwa fupi. Likifikia kiwango kikubwa, huongeza hatari ya retina kubanduka, ya presha ya macho na ya kuharibika kwa sehemu ya kati ya retina ukubwani, na madhara hayo hayaondolewi kwa miwani.

Ushahidi wa hapa nchini umekuwepo kwa zaidi ya miaka 20. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza, ulionesha kuwa asilimia 6.1 walikuwa na kasoro ya uoni inayohitaji miwani, na kasoro kuu ilikuwa kutoona mbali, iliyowakabili asilimia 5.6 ya waliopimwa. Hata hivyo, takwimu iliyostahili kuzua mjadala mkubwa zaidi ni nyingine: miongoni mwa wenye kasoro hiyo, waliokuwa wakivaa miwani kabla ya utafiti walikuwa takriban watatu tu kati ya kumi.

Asilimia sita yaweza kuonekana ndogo. Lakini katika darasa lenye wanafunzi 60, hao ni watoto watatu au wanne. Tangu mpango wa elimu bila ada ulipoanza mwaka 2016, watoto wengi ambao huenda wangebaki nyumbani wameingia shuleni, na Serikali imejenga madarasa na kuajiri walimu ili kuwapokea. Mtoto asiyeona ubao hukalia dawati hilo na kufundishwa na mwalimu huyo, lakini sehemu kubwa ya uwekezaji huo haimfikii.

Je, kugawa miwani bure kunatosha? Utafiti mwingine, uliofanyika katika sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008, ulilinganisha makundi mawili ya wanafunzi wenye kasoro ya uoni. Kundi la kwanza lilipewa miwani bila malipo. La pili lilipewa cheti cha vipimo ili wazazi wakanunue. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya kundi la kwanza walikuwa wamevaa miwani au walikuwa nayo shuleni, dhidi ya asilimia 26 ya kundi la pili. Matokeo hayo yana mafunzo mawili. Kwanza, gharama ni kikwazo cha kweli kwa familia. Pili, hata kikwazo hicho kinapoondolewa, zaidi ya nusu ya watoto bado hubaki bila miwani machoni.

Sababu zinazotajwa mara kwa mara ni hofu ya kutaniwa na wenzao, fremu zisizokaa vizuri usoni, miwani kuvunjika bila kurekebishwa, na imani kwamba miwani hulegeza macho. Imani hiyo ndiyo yenye madhara zaidi, kwa kuwa humfanya mzazi mwenye nia njema kuificha miwani ya mwanawe. Utafiti uliofanyika Malaysia na kuchapishwa mwaka huo wa 2002 ulibaini kuwa watoto waliopewa lenzi zenye nguvu pungufu kuliko walivyohitaji waliendelea kupoteza uwezo wa kuona mbali kwa kasi kubwa zaidi kuliko waliopewa lenzi kamili. Macho hayazoeshwi uvivu na miwani sahihi.

Manufaa kwa upande wa elimu nayo yamepimwa. Katika majimbo ya Gansu na Shaanxi nchini China, wanafunzi wa darasa la nne na la tano waliopewa miwani bure walipata matokeo bora zaidi ya hisabati kuliko wenzao ambao hawakupewa, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Hapo miwani ilifanya kazi ya kitabu cha kiada.

China hiyohiyo inatoa onyo. Mwaka 2018, asilimia 53.6 ya watoto na vijana wake walikuwa hawaoni mbali, na wizara kadhaa zikaandaa mpango wa pamoja wa kukabiliana na hali hiyo. Mabadiliko ya kasi hiyo ndani ya vizazi vichache hayawezi kuelezwa kwa urithi peke yake. Watafiti huyahusisha na saa nyingi za kusoma kwa karibu na saa chache za kuwa nje. Katika jiji la Guangzhou, shule sita ziliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo hilo, ikilinganishwa na asilimia 39.5 katika shule ambazo hazikubadilisha ratiba.

Mwanga wa nje, hata kivulini chini ya mwembe, ni mkali mara nyingi kuliko wa darasani, na inaaminika kuwa huchochea kemikali katika retina inayozuia jicho kurefuka. Watoto wetu bado wana neema hiyo. Hata hivyo, katika miji yetu watoto wengi hutoka shuleni na kuingia tuisheni, kisha hurudi nyumbani kwenye simu janja, hali viwanja vya michezo vikizidi kupungua. Kumwacha mtoto acheze nje walau saa mbili kwa siku ni kinga isiyogharimu chochote. Ikumbukwe kuwa kinga hiyo hufaa zaidi kabla tatizo halijaanza.

Kwa mtoto ambaye tayari haoni mbali, zipo pia njia za kupunguza kasi ya kuendelea kwake, zikiwemo matone ya atropini ya kiwango cha chini na lenzi maalumu. Hizo ni tiba zinazohitaji uamuzi na ufuatiliaji wa daktari wa macho. Hazinunuliwi kiholela katika duka la dawa. Hospitali kama Muhimbili, KCMC na CCBRT zina wataalamu hao. Changamoto ni kumfikisha mtoto huko kwa wakati.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuongeza kwa pointi 40 za asilimia kiwango cha watu wenye kasoro ya uoni wanaopata miwani inayowafaa, ifikapo 2030. Shirika hilo linakadiria kuwa, duniani kote, ni asilimia 36 tu ya wasioona mbali vizuri kwa sababu ya kasoro hiyo ndio waliopata miwani sahihi. Lengo hilo litafikiwa au kukosekana katika ngazi ya shule.

Mwalimu aliyepewa mafunzo mafupi, chati ya kupimia macho na kamba ya kupimia umbali anaweza kuwabaini watoto wanaohitaji uchunguzi. Upimaji ukifanyika wanapoingia darasa la kwanza, ukarudiwa darasa la nne na kidato cha kwanza, wachache wataachwa nyuma. Lakini majina hayo yasiishie kwenye daftari la mwalimu: halmashauri iwe na utaratibu wa kuwafikisha kwa mtaalamu, na baada ya miezi michache mwalimu aangalie nani bado anavaa miwani yake.

Mzazi naye asisubiri siku ya upimaji. Mtoto anayefinya macho, anayeisogelea televisheni au anayelalamikia kuumwa kichwa baada ya masomo apelekwe kupimwa. Na kabla ya kumwadhibu kwa kushuka alama, aulizwe swali moja: je, ubaoni unaona?