Kitamu cha Njiani na Walioachwa Nyumbani



Msafiri wa Lushoto atokaye Dar es Salaam humshukuru Mola wake afikapo Mombo. Hapo basi husimama, abiria wakateremka mikahawani kula pilau na kuku. Kisha huanza kupanda milima ya Usambara, kilomita 33 za kona, na pale Soni vijana huinua ndoo za mapeasi na plamsi hadi madirishani.

Ni nani atakayesema starehe hii ni haramu? Katika Suratul A'raf, aya ya 31 na ya 32, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule na tunywe pasi na israfu, kisha akawahoji wanaojiharamishia vizuri alivyowatolea waja Wake. Naye Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya Bibi Aisha (R.A.) katika Sahihi Bukhari, alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Basi tusijifanye wacha-Mungu kwa kukunja uso mbele ya sahani ya halua.

Linalonikera ni jingine. Yupo baba ambaye kila safari hula nyama ya kuchoma na kushushia soda baridi, ilhali nyumbani ameacha fedha ya maharage tu, tena kwa kuhesabu. Akirejea, hana hata kipande cha kashata mkononi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, kwa kuwa humnyima mtu usingizi, chakula na kinywaji chake, basi amalizapo haja yake na aharakishe kurudi kwa ahali zake. Baba huyu ameigeuza: raha ameifanya ya njiani, adhabu kawaachia wa nyumbani.

Nami si wa kuwacheka wengine. Niliwahi kununua halua Tanga kwa ajili ya wanangu, na nilipofika Soni kifuko kilikuwa kitupu.

Jirani naye ana fungu. Imo katika Sahihi Muslim amri ya kuongeza maji katika mchuzi ili jirani apate. Ile inayosema kwamba usipompa jirani matunda uyaingize ndani kwa siri, mwanao asitoke nayo akamtia uchungu mtoto wa mwenzio, sanadi yake ni dhaifu. Lakini mzazi gani haoni maana yake?

Na yule kijana wa Soni anayekimbia ubavuni mwa basi: mlipeni kabla dereva hajaondoa gari.