Kodi ni ya Nyumba Inayokalika

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpangaji anayetega beseni chini ya paa linalovuja hahitaji kufafanuliwa methali hii. Katika Kaunti ya Kajiado, kuanzia Kitengela hadi Illasit, mpakani na Tanzania, kodi hudaiwa mwezi ukianza, lakini choo kilichoziba husubiri miezi.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na viwango vinavyofaa vya usafi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, ina baraza la kusikiza malalamiko, lakini inawalinda tu wanaolipa kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimepitwa na wakati.

Tangu 2024, sheria ya nyumba za bei nafuu inawakata wafanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ili kugharimia nyumba mpya. Lakini nyumba hizo nazo zitachakaa zisipotunzwa.

Bunge lipandishe kiwango cha kodi cha Sh2,500. Kaunti ya Kajiado itume maafisa wa afya ya umma wakague ploti. Nawe mpangaji, andika malalamiko yako na uhifadhi risiti. Anayepokea kodi ana deni la ukarabati.