Serikali Inapochezesha Kamari

Ndugu Waislamu, wapo wanaodai kuwa kamari ikisimamiwa na serikali na pato lake likapelekwa shuleni, basi imetakasika. Mfano waupendao ni Marekani. Na tuutazame.

Mwaka 1895, baada ya kashfa za bahati nasibu ya Louisiana, Bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku tiketi zake kuvushwa kutoka jimbo moja hadi jingine. Mwaka 1964 jimbo la New Hampshire, lisilotaka kuwatoza watu wake kodi ya mishahara wala ya mauzo, likafungua bahati nasibu yake kwa jina la elimu. Leo majimbo 45 kati ya 50 yanachezesha, na mauzo yao yanapita dola bilioni 100 kwa mwaka. Dola iliyopaswa kumzuia raia na maangamizi ndiyo inayomtangazia tiketi!

Na shule je? Fedha za kamari zikishaingia, watunga bajeti hupata mwanya wa kupunguza zile za kodi, na mwanafunzi asiione ziada aliyoahidiwa. Mlipaji naye ni maskini, ambaye hutoa humo fungu kubwa zaidi la kipato chake kuliko tajiri. Hiyo ni kodi iliyovishwa kanzu ya bahati.

Aya ya 219 ya Suratul-Baqara haikukanusha kuwa kamari ina manufaa. Imeyapima na dhambi yake.

Jimbo la Utah, lenye Wamormoni wengi, halina bahati nasibu hadi leo. Shule zake hazijafungwa.