Uhamisho wa Sumbawanga

Ukitaka kujua subira ya mwenzio, usimpeleke ufukweni. Ufukweni kila mtu mpole. Mpandishe mlima.

Najua wengi mnawaza Kilimanjaro, mita 5,895, na gharama zinazokutoa jasho kabla hujafunga begi. Mimi nawaletea Mbizi, milima iliyo jirani na mji wa Sumbawanga. Si hifadhi ya taifa kama Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005. Ni hifadhi ya msitu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Waulizeni hao kuhusu kibali, na mtafute mwenyeji wa kuwaongoza.

Mume wangu alipohamishiwa Sumbawanga, mashoga zangu wa Dar walinipa pole kama nimefiwa. "Shoga, si kwa wachawi huko?" Jamani! Jina lenyewe kwa Kifipa linaelezwa kuwa ni 'tupa uchawi'. Kilichoninyima usingizi ni kazi yangu. Niiache nimfuate, au tuishi kila mtu kwake na nauli zitumalize?

Nilimtembelea Julai. Baridi ya Ufipa si mchezo, na mji wenyewe uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mbizi inapita mita 2,000, kwa hiyo mtu wa Dar kifua kinambana mapema. Unakata nyasi, unaingia kwenye msitu unaotunza vyanzo vya maji ya mji. Humo wamo mbega wekundu, waliotengana kabisa na wenzao wa Gombe na Mahale. (Nao wana uhamisho wao.)

Bwana alianza kwa mikwara, hatua ndefu, ananiacha. Baadaye akasimama. "Tangulia wewe, nitafuata mwendo wako." Ndugu zangu, anayechoka haraka ndiye akae mbele, ukimweka nyuma, kila mkimfikia mwenzake yeye anaanza kupumua, nyie mnaondoka.

Juu kabisa, bonde la Ziwa Rukwa likiwa chini yetu, nikamuuliza: "Na kwenye kazi, nani anatangulia?"

Alinyamaza mpaka chai ya chupa ikapoa. Kisha tukapanga: mwaka mmoja nabaki Dar, nauli nusu kwa nusu, na barua ya kuomba kurudi anaiandika yeye.

Safari ijayo ni maporomoko ya Kalambo, zaidi ya mita 200, mpakani na Zambia. Raba zilezile, sweta jipya.