Kabla ya kuleta mbwa mwingine, tuseme ukweli kuhusu aliyekufa

Wacha nianze na jambo ambalo litawachekesha baadhi yenu. Mapema mwaka huu nililia kwa sababu ya mbwa. Tena nililia ndani ya matatu ya Malaba, nimekaa kiti cha nyuma, mama mmoja wa mitumba akaniuliza, "Kijana, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo. Akanipa pole kwa heshima zote. Sikumwambia marehemu alikuwa na miguu minne.

Jina lake lilikuwa Bobi. Alikuwa mbwa koko wa kawaida tu, rangi ya udongo wa Chakol, sikio moja limesimama na lingine limelala. Alikaa nyumbani kwetu miaka sita. Nilipoacha chuo mwaka wa pili na kurudi nyumbani na begi moja, kila mtu alikuwa na swali. Mjomba aliuliza karo ilienda wapi. Majirani waliuliza nitafanya graduesheni lini, ilhali walijua vizuri. Bobi peke yake ndiye alinipokea barabarani akitingisha mkia kana kwamba nimerudi na digrii mbili. Siku hizi naishi Busia mjini, naandika blogu na kuhangaika kama vijana wengine, lakini kila nikienda nyumbani nilijua kuna mtu wangu pale kwenye njia ya kuingia bomani. Sasa hayupo, na nyumba nzima inabishana kuhusu mbwa mpya.

Mjomba anataka German Shepherd. Anasema enzi za koko zimepita. Mama anasema hataki kuona mbwa tena katika boma lake, hata wa kuchorwa. Nyanya, ambaye sisi Wateso tunamwita tata, anataka mbwa yeyote mradi abweke, kwa sababu usiku hasikii vizuri na ng'ombe wake wawili ndio benki yake. Naye mtoto wa binamu yangu, ana miaka minane, anataka mbwa yuleyule. Anataka Bobi. Akiambiwa Bobi alikufa, anasema basi mpya aitwe Bobi.

Mimi nina msimamo wangu, na ndio sababu ya kuandika haya. Nasema tusilete mbwa mwingine kabla ya kukubali kwamba yule wa kwanza tulimuua sisi wenyewe.

Ilikuwa hivi. Bobi alipotea siku tatu, akarudi na kidonda shingoni. Hakuna aliyeshtuka. Mbwa wa kijijini hupigana, ni kawaida. Kidonda kikapona. Baada ya wiki kadhaa tabia yake ikabadilika. Akakataa chakula, hata ugali wa mhogo na mtama aliokuwa akiugombania na kuku. Mate yakawa yanamchuruzika. Sauti ikabadilika, akibweka ni kama ana koo bovu. Jioni moja akamuuma yule mtoto kwenye muundi wa mguu. Mtoto ambaye alikuwa akilala juu yake kama mto! Akatoka mbio, akamuuma ndama wa jirani, na vijana wakamfuata na rungu na mawe. Nilipofika, kazi ilikuwa imekwisha.

Hakupimwa. Kichwa hakikupelekwa maabara, kwa hiyo siwezi kuapa mahakamani kwamba ulikuwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Lakini dalili zilikuwa ni zenyewe, na daktari alisema tusisubiri uthibitisho.

Sasa sikiliza tulichofanya na mtoto. Mtu mmoja akaleta kitunguu na chumvi. Mwingine akasema mafuta ya taa. Dakika zikawa zinakwisha watu wakibishana kuhusu dawa za jikoni, huku sabuni ya kufulia ikiwa pale kwenye beseni. Ukiumwa na mbwa, jambo la kwanza ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 kamili, si kumwagia maji mara moja. Virusi hivi hukaa kwenye mate, na kuosha kunapunguza kiasi kinachoingia mwilini. Kisha unakimbia hospitali siku hiyohiyo. Nilijua hayo baadaye, kwenye benchi ya hospitali.

Kituo cha kwanza tulichofika tuliambiwa chanjo imeisha. Tukapanda boda tena hadi kwingine. Huko tukapewa ratiba ya sindano tano kwa mwezi mzima, na nyingine tukalazimika kununua wenyewe kwenye duka la dawa, zaidi ya shilingi elfu moja kila dozi. Tata aliuza jogoo na kuku watatu. Mimi niliuza simu yangu nzuri, hii ninayoandikia sasa ina skrini iliyopasuka kama ramani ya mito. Mtoto yuko salama, ashukuriwe Mungu. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Hakuna dawa ya kurudisha.

Kwa hivyo watu wa kijiji walipoanza kusema Bobi alirogwa, au kuna jirani mwenye wivu aliyemlisha kitu, nilikasirika. Bobi hakurogwa. Kwa miaka sita hakuchanjwa hata mara moja. Nimeuliza nyumba nzima, hakuna anayekumbuka sindano. Tulimpa makoko ya ugali na mifupa, yeye akatupa usingizi mtulivu kila usiku. Tulimchukulia kama king'ora. King'ora hakiugui, kwa hiyo hukipeleki kwa daktari.

Waswahili husema msiba wa kujitakia hauna kilio. Mimi nimelia hata hivyo, lakini methali naielewa.

Tazama hesabu kubwa kidogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na kama wanne kati ya kila waathiriwa kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa nini watoto? Kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa, ndio wafupi, na ndio wanaoogopa kusema wameumwa wasije wakachapwa. Na chanjo si kitu kipya. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa mwaka 1885. Karibu miaka 140 baadaye, sisi bado tunaleta kitunguu.

Kenya ilizindua mkakati wake wa kumaliza ugonjwa huu mwaka 2014, na shabaha ni kwamba ifikapo 2030 mtu asife tena kwa kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Mwaka 2030 si mbali, jamani. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 7 kati ya 10 katika eneo na ukaendelea hivyo kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Saba tu, hata si wote kumi. Hebu hesabu mbwa wa majirani zako kumi wa karibu. Wangapi wamechanjwa? Mimi nilipouliza kwetu, nilipata mmoja, na mwenyewe hakuwa na uhakika.

Najua kuna mtu atasema, "Watu hawana chakula, wewe unaleta habari za kuchanja mbwa?" Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu mimi pia nimelala njaa. Lakini fanya hesabu na mimi. Sindano ya mbwa kwa mwaka haifiki pesa ninazotumia kwa bando mwezi mmoja. Sindano za mtoto zilitumaliza kuku, simu na usingizi. Maskini ndiye hasa hawezi kumudu kukaa na mbwa ambaye hajachanjwa.

Mwingine atasema sisi tuko mpakani, hata tukichanja, mbwa wa upande wa pili watatuletea. Ni kweli mbwa hana pasipoti. Haulizwi kitu pale kituo cha mpakani Busia, anapita njia za panya kama sukari. Sisi Wateso wenyewe tuna mashangazi na wajomba pande zote mbili, na siku ya matanga ng'ambo, mbwa anawafuata watu wake. Lakini mpaka si kisingizio. Angalia Pemba. Kisiwani huko walichanja mbwa mwaka baada ya mwaka hadi ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, umeingia kutoka nje ya kisiwa. Hawakukaa chini wakasema haina maana. Walichanja tena, wakauondoa tena. Hilo ndilo funzo kwa watu wa mpakani: kwa kuwa unaweza kurudi wakati wowote, hatuna ruhusa ya kuchanja mara moja tukasahau.

Na serikali isijifiche nyuma yangu. Huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Tunataka siku ya chanjo ya mbwa inayojulikana mapema, inayotangazwa kanisani, sokoni na shuleni, inayofika hadi vijijini na si kuishia mjini. Tunataka dawa ya binadamu iwepo kwenye vituo vilivyo karibu, ili mzazi asizungushwe kwa boda akiwa amebeba mtoto aliyeumwa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba kila mwaka. Hiyo ingetosha kuwa tarehe ya kuanzia. Vijana wenzangu wenye kurasa zenye wafuasi wengi, siku hiyo tuache vibonzo kidogo tutangaze chanjo iko wapi.

Sasa turudi kwa mbwa mpya. Mjomba nimempinga waziwazi. Watoto wa mbwa wanaouzwa kando ya barabara kama German Shepherd mara nyingi wakikua wanageuka kuwa koko, na pesa yako imeenda. Hata akiwa German wa kweli, anakula kuliko mjomba mwenyewe. Koko amezoea jua letu na chakula chetu, na mwizi hamuulizi mbwa anayembwekea ametoka kabila gani.

Mama naye nimemwelewa. Hofu yake ni ya haki, aliona damu ya mjukuu. Lakini boma bila mbwa halimlindi mtoto dhidi ya mbwa wa jirani. Kinachomlinda ni chanjo, na kujua cha kufanya akiumwa.

Kwa hivyo tulikaa chini ya mwembe, na kwa mara ya kwanza tangu niache chuo nikasikilizwa hadi mwisho. Tumekubaliana masharti manne. Kwanza, mtoto wa mbwa atoke kwa mtu tunayemjua, ambaye mbwa jike wake amechanjwa, na asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Pili, akifika miezi mitatu apelekwe kwa daktari wa mifugo kwa chanjo, kisha kila mwaka. Tarehe imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, karibu na deni la unga. Tatu, awe na mtu mmoja wa kuwajibika, na huyo ni mimi. Nitalipa mimi. Nisipolipa, mnitaje hapa hapa. Nne, hataitwa Bobi.

Hilo la nne ndilo lilileta machozi. Yule mtoto alinuna siku mbili. Nikamchukua hadi pale nyuma ya migomba tulipomfukia Bobi, tukakaa. Nikamwambia huyu anayekuja hajui njia za Bobi, hapendi alivyopenda Bobi, na tukimpa jina la marehemu tutakuwa tukimdai kila siku awe mtu mwingine. Akafikiria. Akauliza, "Na huyo atadungwa sindano ngapi?" Nikamwambia moja, halafu kila mwaka moja. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Mimi nilidungwa tano. Yeye ana bahati."

Mbwa jike wa fundi baiskeli, njia ya kwenda sokoni, amezaa wiki tano zilizopita. Tumeonyeshwa wetu, mweusi mwenye kifua cheupe. Zimebaki wiki tatu, na mtoto anapita pale kila siku akitoka shule kumwangalia.

Wewe unayesoma, kama nawe umepoteza mbwa, pole sana, na usikubali mtu akucheke. Omboleza. Kisha kabla ya kutafuta mwingine jiulize aliyekufa aliuawa na nini, na kama hicho kitu bado kiko pale nyumbani. Na kama wako yuko hai, amelala hapo mlangoni sasa hivi, mara ya mwisho kuchanjwa ilikuwa lini?